Eyotaru Akataa Kutoa Kompyuta

Eyotaru alizaliwa Aroi, akaolewa Koboko, na mumewe Lukudu alipofariki hakurudi kwao, ingawa wapo waliomtazama kila asubuhi kama wanangoja afungashe. Kazi yake ilikuwa asali. Alinunua masega kwa warina asali vijijini, akayakamua nyumbani, kisha akapeleka madumu Arua kwa pikipiki. Haikuwa pikipiki ya bodaboda. Ilikuwa ile kubwa aliyoiacha Lukudu, yenye injini inayoongozwa na kompyuta, na wanaume wengi wa Koboko waliitamani bila kuona haya kusema hivyo mbele ya mjane.

Kabla ya kuugua, Lukudu alikuwa ametoa bomba la moshi lililoliwa na kutu akafunga jingine pana, na chujio la hewa akaliacha wazi. Injini ikawa inavuta hewa nyingi, lakini kompyuta haikujua kilichobadilika, ikaendelea kupima mafuta kama zamani. Pikipiki ikawa inachemka mlimani, na kila Eyotaru alipolegeza mkono, bomba lilipiga mlio kama risasi. Koboko ni mji wa familia za askari. Mlio kama ule unawanyamazisha wazee katikati ya maneno. Watu wakaanza kusema kwamba pikipiki inamkataa mwanamke.

"Injini haijui nani mwanamume," Eyotaru aliwaambia, akawasha akaenda zake.

Alasiri moja Ladu, mdogo wake Lukudu, alikuja akaizunguka pikipiki mikono nyuma. Kiden, mama yao, alikuwa ameketi mlangoni akipepeta simsim.

"Shemeji," alisema Ladu, "hii kitu iko na ugonjwa ya kompyuta. Inataka kuandikwa upya. Wewe toa ile kompyuta, mimi napeleka Kampala."

"Itarudi lini?"

"Ikiwa tayari."

"Na pikipiki?"

"Itakaa kwangu. Kwangu iko kivuli."

Eyotaru alielewa. Pikipiki bila kompyuta ni chuma tu, na chuma kikishalala uani kwa Ladu miezi kadhaa, kitaitwa cha Ladu.

"Kivuli hapa pia iko," alijibu. "Kompyuta haitoki."

"Unabishana na ukoo."

"Nabishana na wewe, shemeji. Ukoo sijauona hapa."

Kiden aliendelea kupepeta. 

Asubuhi yake Eyotaru alipakia madumu akashuka Arua, mlio ukimfuata njia nzima, mpaka karakana ya fundi Acidri kule Oli, karibu na mto. Acidri alikuwa amewahi kufanya kazi na Lukudu. Eyotaru alimweleza maneno ya Ladu, naye akaisikiliza injini, kisha akaizima.

"Ladu hakudanganya ugonjwa," alisema. "Mafuta iko kidogo. Lakini dawa iko mbili. Moja, kuandika kompyuta upya, tunabadilisha hesabu yake ndani kabisa. Hiyo ni safi, hakuna waya ya kuongeza. Lakini mimi sina kebo yake, kwa hivyo lazima ingeenda Kampala. Ya pili iko kisanduku. Kinakaa katikati ya kompyuta na ile pua inamwaga mafuta. Kompyuta ikisema mwaga kidogo, kisanduku kinaongeza."

"Na kompyuta?"

"Inabaki pale pale. Haiguswi."

"Nifungie kisanduku."

Acidri alikifunga chini ya kiti. Alipomaliza alimwonyesha jinsi ya kukichomoa na kuunganisha soketi za asili zenyewe kwa zenyewe, iwapo kingeingia maji barabarani. Eyotaru alirudi Koboko bila mlio. Majira yote ya asali alipanda na kushuka, na wale waliosema pikipiki inamkataa wakatafuta habari nyingine.

Kisha kukawa na msiba Ombaci, kwa ndugu za mama yake, naye akaenda kwa gari pamoja na jamaa. Aliporudi, pikipiki haikuwaka. Alifungua kiti akakuta kisanduku hakipo na soketi zinaning'inia.

"Mama, nani aligusa pikipiki?"

Kiden alijibu polepole. "Ladu. Alisema wewe umemtuma." Kisha akaongeza, "Mimi nilimwamini, mwanangu."

Eyotaru alirudi kwenye pikipiki, akazishika soketi. Akaziunganisha zenyewe kwa zenyewe kama alivyoonyeshwa. Akawasha. Injini ikaguruma, na alipolegeza mkono, mlio ukarudi, mkali kuliko alivyoukumbuka.

Hakuchukua njia ya pembeni. Alipita katikati ya soko la Koboko, na kila hatua chache alilegeza mkono makusudi. Bomba likapiga. Kina mama wa mihogo wakainua vichwa, waendesha bodaboda wakasimama kwenye pedali zao kutazama. Alipofika mbele ya duka la Ladu, la saruji na misumari, nyuma yake palikuwa na watu wa kutosha.

Ladu alitoka akaitazama pikipiki inayonguruma kama mtu aliyekutana na maiti aliyemzika mwenyewe.

"Ulifikiri umetoa moyo," Eyotaru alimwambia. "Umetoa kisanduku tu."

"Nilikuwa nakitunza," alisema Ladu, akainama chini ya meza akakitoa. "Chukua, shemeji. Maneno yaishe."

"Weka. Watu hawa wakikuuliza ni cha nini, uwaeleze ulikipata wapi. Mimi sitakuja tena dukani kwako kuomba kitu yangu."

Akageuza, akaelekea Arua hivyo hivyo, akipumzisha injini kila ilipochemka.

Acidri alisikia habari yote akiwa amechuchumaa. Hakucheka. "Sasa bahati iko," alisema. "Iko mutu mumoja wa Ariwara, kule Congo, fundi, anavuka siku ya soko. Yeye iko na laptop na kebo. Tunaweza kuandika kompyuta hapa hapa, bila kuitoa kwa pikipiki."

"Hatari yake nini?"

"Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kompyuta inakufa."

Eyotaru alifikiri. Kisanduku mtu anaweza kukiweka mfukoni akaondoka nacho. Hesabu zilizo ndani ya kompyuta haziibiwi kirahisi hivyo. "Tutaandika," alisema. "Na mimi nitasimama hapa."

Siku ya soko walifunga betri ya gari pembeni ili umeme usiyumbe, wakaunganisha kebo. Acidri alimshauri akanywe chai. Alikataa. Alisimama macho yakiwa kwenye mstari unaojaa taratibu kwenye kioo. Ulipojaa, waliwasha, na moshi mweusi ukatoka unanuka petroli. Mafuta yalikuwa yamezidi. Yule fundi wa Ariwara alitikisa kichwa, akapunguza, wakaandika tena. Mara ya pili injini ilitulia, na Eyotaru alipolegeza mkono hapakuwa na kitu ila mngurumo unaoshuka.

Njiani alisimama Maracha, akazima, akalia kidogo. Ule mlio ulikuwa umekuja na Lukudu, na sasa haupo. Kisha akajifuta uso kwa kanga akapanda.

Ladu hakunyamaza. Aliitisha kikao cha ukoo, akasema pikipiki ya marehemu haifai kuzunguka na mwanamke, tena mwanamke anayewatukana wanaume sokoni. Wazee walisikiliza. Walipomgeukia Eyotaru, aliyesimama alikuwa Kiden.

"Lukudu alimpa mkewe funguo, mimi nikiwa nimekaa pale kitandani kwake," alisema. "Ladu alinidanganya mlangoni kwangu ili aibe. Mkitaka kuzungumza aibu, anzeni hapo."

Wazee wakashauriana. Wakasema pikipiki inabaki ilipo, na Ladu akaondoka kabla chakula hakijaletwa.

Kisanduku Ladu alikirudisha kwa kukiweka juu ya ukuta wa boma la Eyotaru asubuhi moja, bila kubisha hodi. Eyotaru alikiuza Arua kwa mtu aliyekihitaji.

Mpaka leo akipita na madumu yake mbele ya lile duka la saruji hupunguza mwendo na kusema, "Shemeji, habari ya asubuhi." Ladu hajibu. Siku inayofuata Eyotaru anamsalimia tena.