Malkia wa Fundi Amedeus

Watu wa mtaa wetu hapa Bagamoyo wakitaka suti ya harusi ikae vizuri begani, wanakwenda kwa Fundi Amedeus. Lakini mwulize mwenyewe kazi yake ni nini, atakujibu kwa sauti ya chini kidogo kwamba yeye ni msimulizi, cherehani ni ya kumpatia ugali tu. Usimcheke, maana hasemi utani.

Kila Jumapili saa tisa alasiri anafunga dirisha la mbele, anaondoa mikasi na vipande kwenye meza ya kukatia, anachukua chaki ile ile ya kuchorea nguo na kuchora ramani juu ya mbao: mto, msitu, ngome, pango la joka. Wachezaji wake watatu wanaweka vifungo vya koti juu ya ramani, na kila kifungo ni mtu mwenye jina, silaha na ugomvi wake. Amedeus anawaeleza wanachokiona na wanachokisikia, wao wanasema watafanya nini, na panapotakiwa bahati linarushwa dadu lenye pande ishirini alilomwagiza mtu Kariakoo. Hakuna anayeshinda wala anayeshindwa. Ni hadithi moja inayoendelea, na hii ilikuwa imeingia mwaka wa pili.

Mchezo wenyewe aliujulia mtandaoni, akakaa miezi akitazama video za watu wanavyoucheza, kisha akaugeuza uwe wa kwake. Nikuambie kwa nini ulimkolea. Amedeus ni mtoto wa saba kwao Rombo, na nyumbani kwao alipokuwa akizungumza watu walikuwa wanaendelea kula. Alikuja huku kijana kujifunza ushonaji kwa mjomba wake, akaendelea kunyamaza. Hapo mezani tu, Jumapili, ndipo watu wazima watatu humtazama mdomo wasipepese. Mtu akishaionja hali ile haiachi kirahisi, na Fundi wetu alikuwa ameionja hadi ikampanda kichwani.

Wachezaji walikuwa Farhan wa bodaboda, Vaileth mwalimu wa chekechea, na Ashatu anayeuza duka la dawa, binti wa miaka ishirini na tatu. Ashatu ndiye aliyemnyima Fundi usingizi, maana alikuwa mchezaji wa kuuliza. Ukimwambia kuna mlango, atataka kujua ni wa mti gani na bawaba zake zina kutu au hazina. Amedeus alimpenda kwa hilo, kama fundi anavyompenda mteja anayejua kitambaa.

Basi ikaingia Ramadhani. Unajua mafundi cherehani wanavyokuwa Ramadhani: kanzu za Idi zimerundikana, kila mteja anataka yake iwe ya kwanza, na wote wanaapa walikuja mapema. Wiki ya tatu ya mfungo akaja Bi Shufaa, mama yake Ashatu, na kitambaa cha kijani chenye uzi wa dhahabu pembeni, cha gauni la binti yake. Kila mwaka kabla ya Idi alileta kitambaa kizuri, na kila mwaka alisema kimetoka kwa shangazi wa Ashatu aliyeko Tanga.

"Huyo shangazi ana jicho, mama," Amedeus akamsifu. "Hajawahi kukosea."

Bi Shufaa akakaa kwenye kiti cha wateja. Saumu ilikuwa imemchosha, au labda ni siri yenyewe iliyomchosha. "Hakuna shangazi, Fundi," akasema. "Hivi vyote vinatoka kwa baba yake. Yuko Miono, analima. Aliponiolea mke mwenza nilimchukua mwanangu nikaja zangu huku, mtoto ana miaka minne. Nikamwambia baba yako alikwenda Msumbiji hakurudi. Yule bwana hajaacha kuleta kitambaa hata mwaka mmoja." Akakisogeza kile kitambaa mezani. "Nakwambia wewe kwa sababu wewe si wa huku, tena si mtu wa maneno. Iishie hapa."

"Imeishia, mama," Amedeus akasema, na wakati anasema alikuwa anamaanisha. Hilo nalo tumpe haki yake.

Jumapili ikafika hajaandaa kitu. Wiki nzima alikuwa ameinamia kanzu. Wachezaji wakaja, Farhan na Ashatu wakiwa na saumu na wanataka muda usogee hadi futari, na Fundi akasimama mbele ya ramani kichwa kitupu. Angeweza kusema leo sina. Nani angemlaumu? Lakini aliona yale macho matatu yanasubiri, akasikia mdomo wake unaanza wenyewe: katika ngome ya kaskazini yuko malkia aliyemwambia binti yake kwamba mfalme alipotelea nchi za mbali, na kila msimu wa mavuno huja joho jipya, na malkia husema limetoka kwa shangazi.

Alijiambia hakuna atakayejua. Ameweka ngome, ameweka joka, nani atatafuta Miono humo ndani? Na jinsi alivyoona wanamsogelea ndivyo alivyozidi kunogesha. Malkia akapewa kucha ndefu na kioo cha kichawi. Malkia akapewa sauti, ile ya kuvuta "mwanangu weee" kutoka puani, na meza ikaangua kicheko. Wallahi siku hiyo alisimulia kuliko siku zote za maisha yake.

Ashatu akasogeza kifungo chake hadi chumba cha binti mfalme. "Nalifungua kabati," akasema. "Joho la mwaka huu likoje?"

Angesema jekundu, yakaisha. Angesema jeusi. Lakini msimulizi mzuri hutoa kitu kinachoonekana, na kilichokuwa kinaonekana machoni pake ni kile kilichokuwa rafuni nyuma yake, kimefunikwa gazeti. "La kijani," akasema. "Lina uzi wa dhahabu pembeni."

Ashatu akaondoa mkono wake mezani. Farhan alikuwa anapendekeza wamkamate malkia, Vaileth anataka waanze na kile kioo, Ashatu hakuchangia. Kitambaa kile alikuwa amekiona nyumbani kabla hakijaletwa kwa fundi.

"Fundi," akasema, "hii ni hadithi tu?"

Amedeus alimtazama usoni. "Hadithi tu, Ashatu."

Binti akachukua mkoba wake akaondoka, futari bado saa nzima. Farhan akampiga Fundi begani akamwambia leo umetisha, haijawahi kutokea kama hii. Na nitasema ukweli hata kama haupendezi: Amedeus alisikia raha. Ilidumu mpaka alipogeuka akaona lile gazeti rafuni. Hapo aibu ikamshika, na usiku ule wali ulimshinda.

Jumanne asubuhi Bi Shufaa akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakukaa. "Ashatu hazungumzi nami tangu juzi. Anafuturu peke yake chumbani. Aliporudi hapa kwako aliniuliza swali moja tu, baba yuko wapi, nikamwambia yuko Miono. Hakuuliza la pili."

Amedeus alitamani ardhi ipasuke. "Nisamehe, mama. Nimekosa."

"Nilipanga kumwambia siku ya Idi," Bi Shufaa akaendelea, kama hakusikia. "Gauni hilo ndilo angelivaa, twende wote kwa baba yake. Zimebaki siku saba. Miaka kumi na tisa natafuta maneno ya kuanzia, Fundi, na mwaka huu nilikuwa nimeyapata. Nilikuwa nayasema jikoni peke yangu, nayarudia."

Mtu aliyejiita msimulizi alikuwa amemnyang'anya mwanamke hadithi pekee aliyokuwa nayo, tena kwa sababu ya uvivu na kupenda kusifiwa. Aliona hivyo waziwazi, akainamisha kichwa.

"Kusamehe nitasamehe, mwezi wenyewe ndio huu," Bi Shufaa akasema. "Sikuja kwa hilo. Nimekuja unisimulie."

"Nikusimulie nini, mama?"

"Kama ulivyowasimulia wao. Mwanangu kasikia habari zangu kwenye meza hii, na mimi sijui kasikia nini. Nitaongea naye vipi? Anza mwanzo."

Akaanza. Maneno yalimtoka makavu, moja moja. Kulikuwa na ngome, kulikuwa na malkia.

"Malkia huyo akoje?"

"Malkia tu, mama."

"Fundi."

Akamwambia kucha. Akamwambia kioo. Bi Shufaa alisikiliza ameshika ukingo wa meza, chaki ya Jumapili bado haijafutika vizuri chini ya vidole vyake.

"Na alizungumzaje?"

"Mama, nakuomba."

"Alizungumzaje?"

Amedeus akafunga macho akaitoa ile sauti, nusu tu, na bado mwenyewe aliitambua. Nje mtu alikuwa anauza maji ya baridi, ingawa sijui alitegemea kumuuzia nani mwezi ule.

"Wakacheka," Bi Shufaa akasema.

"Walicheka."

"Na Ashatu?"

Angeweza kusema hapana. Neno moja, na mama wa watu angeondoka na kitu mkononi. Lilimfika hadi ulimini. Lakini alikumbuka jinsi alivyomtazama binti usoni akamwambia hadithi tu, akaona hana tena haki ya kumtungia mtu wa nyumba ile kitu chochote.

"Alicheka, mama," akasema. "Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote."

Bi Shufaa akaitikia kwa kichwa. Alivuta kiti cha wateja, akakaa, akajifunika vizuri mtandio wake.

"Haya," akasema. "Endelea."