Tatu Iliyokula Saba

Jamaa husema bibi alimsamehe ami siku ile ile aliporudi Unguja. Hilo nimelisikia tu. Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya, na yamenirudia leo hapa Ansab, mbali na Unguja, baada ya mjukuu wangu kufungua karata mpya za Kitaliana zinazonukia nta.

Ami, aliyekuwa baharia, alikosa maziko ya babu, na bibi, mama yake, hakutaka kusema naye. Ami akaketi mkekani mbele yake, akagawa karata tatu tatu, kisha akafunua moja iwe turufu.

"Mama, hii briskola ya Wataliana ni kama wahedi wa sitini yetu, ila tatu ndiyo yenye alama kumi, si saba."

Bibi akacheza. Akaibamiza saba ya turufu kwa uhakika, kama tulivyozoea sote. Ami akaila kwa tatu ya turufu.

"Tatu ikala saba?" bibi akamuuliza. "Huko ulikokuwa hata karata hazina adabu?"

"Hazina, mama. Ndiyo nikarudi."

Bibi akazikusanya karata, akamsukumia. "Gawa tena," akasema, naye akagawa.