Tulivyokwenda kwa Yaya na Nyumba Yetu Mgongoni

Niliondoka Wagga Wagga kwa sababu dada yangu alikuwa amenikasirikia mwaka mzima, tena hasira ya kimya. Nikimpigia simu anapokea, anauliza watoto wazima, anasema "haya", anakata. Kosa langu nalijua, na ninyi ndugu zangu wa Uvira, kule Kongo, mnalijua. Mama alipofariki huko nyumbani, matanga ya huku Australia yaliwekwa kwa dada yangu huyo, Yaya Furaha, Macquarie Fields, pembezoni mwa Sydney. Watu walitoka hata Melbourne, wakalala kwenye sebule yake siku tatu. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja, sikwenda. Nilikuwa mgeni kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikaogopa kuomba ruhusa. Nilikuwa naogesha wazee wa watu huku mama yangu analiliwa. Aibu ile hata leo sijui niiweke wapi. Basi nilitaka jambo moja tu: nikae chini na Yaya, tumlie mama, anisamehe.

Likizo ya shule ilipofika, mume wangu Baba Neema akaja na wazo lake. Tukodi gari-nyumba, lile kubwa lenye vitanda, jiko, friji na choo humohumo. "Tutalala ndani yake, tutapika ndani yake," akasema. "Hatutamsumbua mtu." Nami, mjinga mimi, nikaona hiyo ndiyo heshima yenyewe. Ukikaa nchi hii miaka mingi unafundishwa kwamba mtu mwema ni yule asiyesumbua.

Saa kumi na moja alfajiri tukang'oa nanga. Neema, mwenye miaka kumi na mitatu, alijifunika blanketi kichwani. Elia, wa miaka minane, alitaka kujua kama mtu anaweza kwenda chooni gari likiwa mwendo wa mia moja. Baba yake akamwambia ajaribu aone. Akajaribu. Kwenye kona ya kwanza tukasikia kishindo na kilio, na mimi nikacheka mpaka machozi, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Saa nne tulikuwa Goulburn. Kulikuwa na baridi, majani bado yana umande mweupe. Baba Neema akaegesha pembeni, akafungua mlango wa jiko kama mwenye hoteli, tukasonga bugali, tukapasha maharage na nyama, tukala tukashiba. Hata vyombo tukaosha. Nilijiona mwenye akili sana: tutafika kwa Yaya hatuna njaa, hatuhitaji kitanda, hatuna shida ya kumtwisha. Kumbe najichimbia shimo.

Saa saba na nusu mchana tukaingia mtaa wake. Nyumba za serikali zile, za matofali, zimefanana, ila ya Yaya niliijua kwa vitenge vilivyoanikwa kwenye uzio. Alikuwa amesimama mlangoni. Amekonda. Nywele za mbele zimekuwa nyeupe, na kwenye simu hajawahi kuniambia. Nilitaka kumkimbilia, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye gari, lililoziba lango lake na la jirani.

"Hii nayo ni nini?"

"Ni gari ya kulala, shemeji," Baba Neema akajibu kwa furaha. "Ina kila kitu! Hatutakusumbua hata kidogo."

Yaya akatukaribisha ndani. Jamani, meza! Sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga, ndagala, vidagaa vile vya ziwani, bugali umefunikwa kwa kitambaa. Sombe ile aliifuata St Marys, upande mwingine wa Sydney, siku iliyotangulia, akabadilisha treni njiani na mifuko yake mikononi. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Yaya, pole, sisi tulishakula njiani."

Akaweka mwiko chini.

"Munakuja kwangu na kitanda yenu," akasema polepole. "Na jiko yenu. Na tumbo imejaa. Hata choo mumebeba! Sasa kwangu mumekuja kufanya nini? Kwa matanga hukufika. Leo umefika, unataka kulala mu barabara kama vile mimi sina nyumba. Mimi ni nani kwako, Riziki?"

Baba Neema alitazama viatu vyake. Neema, anayeelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, safari hii hakujibu kwa lugha yoyote.

Nikatoka nje, nikapanda kwenye gari, nikachukua begi langu na la kila mtu. Nikamwambia mume wangu alipeleke gari kwenye uwanja wa magari ya kulala, alifunge, arudi kwa treni. Akafungua mdomo. Nikamwambia, "Baba Neema, tafadhali." Akaenda. Nami nikanawa mikono, nikaketi mezani, nikala. Nilikula sombe juu ya maharage, samaki juu ya nyama, mpaka nikalegeza kitenge. Yaya alikuwa ananitazama tu. Nilipoomba niongezewe, akaongeza, kipande kikubwa kuliko cha kwanza.

Baada ya chakula akaingia chumbani, akarudi anaburuta matelasi, godoro la wageni. Akaitandika chini katikati ya sebule, mchana kweupe, kama ilivyotandikwa siku za matanga. "Kaa hapo," akasema. Nikakaa. Naye akakaa. Tukamlia mama, kwa sauti, kama tunavyolia kwetu. Elia akaja akajilaza katikati yetu, akaanza kulia naye, ingawa bibi yake alimjua kwa simu tu.

Siku ya pili tulipanda treni sote kwenda mjini. Tukaona lile daraja kubwa, tukapanda feri, watoto wakapiga picha mia. Yaya amekaa Sydney miaka minane, na maji yale alikuwa ameyaona mara mbili. Alisimama ameshika chuma cha feri, akanusa upepo. "Maji ni mazuri," akasema, "lakini hainuki ndagala." Tukacheka, kila mtu na Uvira yake moyoni, na ziwa lake.

Tulilala kwa Yaya siku tatu, mimi na yeye kwenye matelasi ile sebuleni. Siku ya nne asubuhi Baba Neema akaleta gari, tukaagana. Yaya alinishika mkono tu. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Njiani kurudi, tulipokaribia Yass, nilikuwa nawaza nitakachowaandikia ninyi. Kwamba nimejifunza: ukimwendea mtu wako na kila kitu chako, unamnyima pa kukupokea. Hapo simu ikalia. Alikuwa Yaya.

"Kuna kitu sikukuambia," akasema. "Ile siku yake ya mwisho, mama aliniuliza mu simu: mdogo wako iko wapi? Nikaona haya kusema uko mbali, kwa kazi. Nikamwambia iko hapa kwangu, analala. Nilikuwa na hasira juu yako, Riziki, kwa sababu ulifanya nidanganye mama."

Nikaibana simu sikioni.

"Unajua alijibu nini? Alisema, basi usimuamshe, amechoka." Nikamsikia anapenga kamasi. "Leo asubuhi niliamka, nikakuona pale kwa matelasi, unakoroma. Sikukuamsha."