Mashine Iliyogeuza Tarehe

Katika kabine yetu ya uwakili hapa Bukavu tulikuwa mawakili watatu na sekretari mmoja, mama mtu mzima aliyetutangulia wote pale. Tarehe zote za mahakama alizishika yeye. Aliziandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda kubwa ya ukutani, na kila asubuhi alitukumbusha nani aende wapi. Hatukuwahi kukosa kesi. Lakini dosie, yaani majalada ya kesi, zilikuwa zimejaa mpaka chini ya meza, na wenzangu wakanipa kazi ya kutafuta programu ya kompyuta ya kupanga mambo yetu.

Mwishoni zilibaki mbili. Moja ilikuwa ya fundi wa hapa hapa mjini. Haikuwa na madoido, na fundi mwenyewe alitaka kwanza akae na sekretari siku tatu aone anavyofanya kazi. Ya pili ilitoka ng'ambo. Hiyo ilipendeza macho, na ilipiga kengele kila siku ya mwisho ya rufaa ilipokaribia. Nikachagua ya ng'ambo. Sekretari sikumwuliza hata neno moja, ingawa yeye ndiye angeitumia kuliko sisi sote. Kalenda yake niliiondoa ukutani kwa mikono yangu mwenyewe.

Wiki ya pili akaja mlangoni kwangu, akaniita kama tunavyoitwa mawakili hapa.

"Maître, hii mashini iko inageuza tarehe. Mwezi inaweka mbele, siku inaweka nyuma."

"Maman, utazoea tu," nikamjibu bila kuinua macho.

Alirudi tena, karatasi mkononi. Nilikuwa na mgeni, nikamwambia mbele ya mgeni huyo, nikiionyesha kompyuta: "Maman, kama ordinatere inakushinda, sema." Akatoka. Hakurudia tena.

Wakati huo nilikuwa na mteja, mkulima mzee wa Mudaka. Mahakama ilikuwa imempa jirani yake shamba alilolima yeye tangu ujana, na tulikubaliana kukata rufaa. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe tano ya mwezi wa tatu. Mashine iliisoma kuwa tarehe tatu ya mwezi wa tano.

Siku chache kabla ya hiyo tarehe tano, mzee alikuja ofisini.

"Maître, watu wananiambia siku ziko zinaisha."

Nilimgeuzia kompyuta aone. "Papa, usiogope. Mashini inaonyesha tuko bado na wakati mingi."

Hesabu ya siku tangu hukumu ilikuwa ya vidole tu, na sikuifanya. Sekretari alikuwa palepale akipanga dosie. Aliinua kichwa, akanitazama, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Nilimwona. Sikumwuliza.

Rufaa ilikataliwa kwa kuchelewa. Nilimwita mzee nikamweleza yote, sikumficha kwamba kosa lilikuwa langu. Aliweka kofia juu ya magoti.

"Maître, si mimi nilikuja?"

"Ulikuja, papa."

Akasimama, akaaga, akaenda.

Siku hiyo hiyo nilimwuliza sekretari kwa nini alinyamaza.

"Nilisema mara mbili, Maître. Mara ya tatu nilisikia haya kusema."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Niliomba msamaha, akaupokea, lakini miezi michache baadaye aliacha kazi akahamia kwa binti yake Uvira. Tulirudi kwa yule fundi wa mjini, na programu yake ndiyo tunayotumia mpaka leo. Inafanya kazi vizuri. Alipokuja kuiweka, kiti cha sekretari kilikuwa kitupu, na mambo mengi aliyotuuliza hakuna kati yetu aliyejua kuyajibu.

Mzee, nasikia, analima kipande alichoazimwa na parokia. Napita Mudaka mara nyingi nikienda Kavumu. Kila mara najiambia leo nitashuka nimsalimie. Sijashuka bado.