Mama Aimée na Mulango wa Mukwe Wake

"Ule mama aliuzisha damu yake kwa watu wa utafiti," Mama Noëlla alituambia kwenye robine, tukichota maji. "Sasa waliona iko tamu, wanarudia ingine. Hamuoni vile anajificha?"

Wote walicheka. Mimi nilicheka kidogo tu. Kati ya nyumba yangu na ya Mama Aimée kuna ukuta mumoja wa mbao, na nilijua kama anajificha kweli.

Mama Aimée ni mujane, anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kuiuza kwenye soko ya Nyawera. Siku za mwezi zilimuacha zamani, kisha damu ikaanza kutoka tena. Hakuambia mutu. Mimi niliona tu vitambaa anavyoanika ndani ya nyumba, wakati jua liko nje.

Watu wa utafiti walipofika kwenye kituo cha afya, alikwenda mbio. Walieleza kwamba kansa ikianza kwenye mulango wa kizazi, inaacha alama ndogo sana mu damu, wanaziita ARN, na wao wanajaribu kama mashini inaweza kuzisoma. Yeye alipenda neno moja: wanataka mukono tu. Hakuna kuvua nguo.

Alama zikaonekana. Lakini damu peke yake haikati maneno, walimuambia. Lazima munganga aangalie penyewe. Na kituoni, tangu vita iingie, anayejua kazi hiyo amebaki mumoja: infirmier Delphin, muuguzi. Ndiye aliyeoa binti yake Aimée.

Vile Mama Aimée alivyolelewa, mutu na mukwe wake hawaangaliani hata machoni. Akimuona Delphin njiani, anaingia mu lupango ya nyumba ya watu mpaka apite.

"Basi uende hospitali ya Walungu," nilimuambia.

"Kwa njia gani, mutoto wangu? Nipite kwenye bunduki za hawa, ao za wale?"

"Lakini Delphin ni munganga, mama."

"Ni mukwe! Aliniletea ng'ombe. Sasa nimuonyeshe kwenye bibi yake alipitia akizaliwa?"

Tulicheka, kisha akarudia kutwanga.

Juzi maman mumoja wa utafiti alikuja kumutafuta. Mama Aimée alinituma niseme amekwenda Kamanyola. Nilisema hivyo, mutoto mugongoni, na nyuma ya mulango nilisikia vile anavyopumua.

"Akirudi, asichelewe," ule maman alisema. "Ikishikwa mapema, inatibika."

Leo asubuhi sikusikia akitwanga. Nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amevaa kama wa misa. Damu ilikuwa imefika kwenye godoro.

"Mama Steve," aliniambia, macho chini. "Mimi mwenyewe siwezi kumuambia. Na kumuambia Aimée, kinywa kinakataa. Enda wewe. Umuambie Delphin nitakuja. Asinisalimie, asiite jina langu. Na wewe usimame kando ya kichwa changu, unifunike uso na kitenge. Usikitoe mpaka atoke."