Itoka Haina Miguu

Ploti nne hapa Mutuini nimejenga mwenyewe, na darasa la saba sikumaliza. Leo fundi na vibarua wake waling'oa itoka, yale maua tunayopanda kuonyesha mpaka wa shamba, na harufu ya mizizi ikanirudisha utotoni, kanisani.

Baba, mzee wa kanisa, alikuwa akiongoza maombi. Mama mmoja aliyekuwa mfagiaji wa kanisa akasimama.

"Mzee, Mungu anauliza: itoka ya mpaka wako imeingia shamba la mjane kwa miguu gani?"

Nilishtuka hadi mkojo ukanitoka. Baba alitoka akiwa amevaa suti yake, akaichimbua itoka kwa mikono, akairudisha mahali pake.

"Bosi, hii niipande wapi?" fundi akauliza, akinitoa kwenye kumbukumbu.

Nikamwonyesha, hatua tatu ndani ya shamba la jirani.

"Sawa, bosi," wakaitikia wote.

Nikashtuka tena. Kumbe nilikuwa nangoja mmoja akatae.