Taa ya Kwanza, Benchi la Kwanza

Naisema aibu yangu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Korogwe, maana wale wakiisimulia huongeza kwamba nilikimbia mpaka Handeni bila viatu, na huo ni uongo mtupu: kiatu kimoja nilikuwa nacho.

Siku hizo nilikuwa fundi msaidizi wa umeme kwenye shamba la mkonge huko Magoma, nimemaliza masomo yangu ya jioni, cheti nimekitia fremu (nilikisoma kila asubuhi kabla ya chai, kisije kikabadilika), na kila Jumamosi alasiri nilidandia lori kwenda Korogwe mjini, ambako mhadhiri mmoja kijana kutoka chuo kikuu alikuwa akitufundisha sisi wakulima na wafanyakazi uchumi wa Ujamaa. Alijua mambo, sikatai, lakini alinguruma saa mbili mfululizo kama mtambo wa kukwangua mkonge, kisha anauliza, "Ndugu, mmeelewa?" na ukumbi mzima unaitikia "Ndiyooo!" mpaka popo wanahama dari. Hakuna aliyeelewa. Lakini utasemaje hujaelewa mbele ya baba yako mdogo, mbele ya mwenyekiti wa kijiji chako, mbele ya mkweo?

Na hilo la mkwe ndilo lililokuwa langu. Benchi la mbele kabisa, upande wa mlango, alikaa Mzee Shemboza wa Bungu, kanzu nyeupe, kofia, kichwa kinatikisika "naam, naam" kila mhadhiri anapovuta pumzi. Nilikuwa nimemposa binti yake, Halima. Barua imefika, mshenga amekaribishwa vizuri, amekula ameshiba, tunangoja jibu tu. Kwa hiyo mimi nilikaa benchi la nyuma na hata kukohoa nilikohoa kwa adabu.

Siku moja mhadhiri akalalamika karibu na machozi: "Ndugu zangu, mhadhara si maziko! Nitajuaje kama mnanifuata?" Nami (jamani, nani alinituma?) nikasimama nikasema ninaweza kutengeneza mtambo wa kujibu bila kufungua mdomo. Kila mtu na kitufe chake chini ya benchi, na kule mbele ubao wenye taa ndogo za tochi. Likiulizwa swali, linayemhusu anabonyeza, taa yake inawaka, na kwa kuwa waya zimechanganywa, hakuna atakayejua nani ni nani. Mhadhiri alinikumbatia mbele za watu.

Wiki mbili nilifanya kazi ambayo hata Wachina wa reli wangeniomba niwafundishe. Taa ishirini na nne kwa watu ishirini na nne, betri ndani ya sanduku la chai, vitufe nimevikata kwa bati la makopo ya maziwa. Ijumaa ikafika nimebakiza jambo moja tu, kuzichanganya zile waya, na magoti yalikuwa yananiuma, mgongo unaniuma, na kuchanganya kunataka waya ndefu na kutambaa tena ukumbi mzima. Nikasema, nani atagundua? Nikazifunga moja kwa moja: benchi la kwanza mstari wa kwanza, aliye mlangoni taa yake upande wa mlango. Ubao wangu ukawa ramani ya jinsi tulivyokaa.

Jumamosi yake Mzee Shemboza akanivuta kando.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kijana, hicho kidude chako, kweli mtu hajulikani?"

"Hajulikani, baba. Nakuapia."

Basi. Mhadhiri akavaa miwani, akakunjua karatasi yake. "Swali la kwanza. Baada ya wiki sita, ndugu ambaye bado haelewi maana ya njia kuu za uchumi, abonyeze."

Taa ikawaka. Moja tu. Ya kwanza, mstari wa kwanza, upande wa mlango.

Mmoja! Mpaka leo damu inanichemka. Watu wazima wote wale, ambao wiki iliyotangulia walikuwa wakibishana nje ya ukumbi kama somo lenyewe linahusu barabara au ng'ombe, eti wameelewa wote, wamekaa na nyuso za mahakimu! Na bado tungepona, lakini Bi Mwanjaa, mkulima wa mahindi kutoka kwetu Handeni, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na komeo, akanyoosha kidole, akahesabu taa, akahesabu benchi.

"Loo! Mzee wa naam naam!"

Mzee akaachia kitufe. Taa haikuzimika. Bati lilikuwa limepinda likang'ang'ania (na lawama hiyo siichukui, ni ya hao wanaotengeneza makopo laini kama karatasi). Mhadhiri naye, ambaye macho yake yalitoka kwenye karatasi kwa kuhesabu taa tu na kuandika ubaoni kwa chaki, akaendelea mbele kama treni.

"Nani husinzia wakati wa mhadhara?" Inawaka. "Mmoja," akaandika.

"Nani hukwepa siku ya shamba la kijiji?" Inawaka. "Mmoja." Mwenyekiti wa kijiji akatoa daftari.

"Nani bado anaamini mwanamke hana haja ya kusoma?"

"Huyo huyo!" akapaza sauti Bi Mwanjaa. "Mzee, leo unaungama za mwaka mzima?"

Maskini Mzee anabonyeza, anabonyeza tena, na kila akibonyeza bati linazidi kukwama, jasho limelowesha kofia. Watu wakaanza kuniita: "Fundi! Fundi, zima!" Sasa niambieni ninyi. Sanduku la betri lilikuwa chini ya benchi lake, katikati ya miguu yake. Kwetu ukikutana na mkwe njiani unaingia majanini umpishe. Mtu aliyeposa atapenyezaje kichwa chini ya pindo la kanzu ya mkwe? Nikasimama, nikakaa, nikasimama, na kila nilipokaa Mzee aliungama kosa jingine. Mwishowe nikatambaa chini ya mabenchi yote sita, nikafika gizani, nikashika waya, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Haikuwa waya. Ilikuwa kifundo cha mguu wa Mzee Shemboza.

Akaenda chini yeye, benchi, na watu watatu waliokaa naye, sanduku likapinduka, waya zikagusana, na taa zote ishirini na nne zikawaka kwa mpigo, wakati uleule mhadhiri anamalizia kusoma, "Nani anapendekeza tuendelee kutumia mtambo huu?" Akachungulia. "Ishirini na nne," akaandika, akatabasamu.

Hapo ndipo kiatu kilipobaki.

Wiki nzima nilijificha nyumbani Handeni nikiwalaani wote: mhadhiri na miwani yake, Bi Mwanjaa, wanafiki wa mabenchi, makopo. Halafu mshenga akaja akasema Mzee ananiita Bungu, mimi mwenyewe. Nikapanda mlima nimejiandaa kuomba radhi ya ule mguu.

"Kuanguka si kitu," akasema Mzee. "Nina swali moja. Wewe, hizo njia kuu za uchumi ulizielewa?"

"Hapana, baba."

"Ulibonyeza?"

Nikatazama mkeka.

"Nilikaa pale nikiitafuta taa ya mtu wa benchi la nyuma," akasema taratibu. "Ilikuwa giza. Ulijua waya hazikuchanganywa, ukaniapia, na kidole chako ukakiweka mbali."

"Nilijua, baba."

Akatoa barua yangu ya posa chini ya mto, akaisukuma kwangu kwa vidole viwili. "Simtoi binti yangu kwa mtu anayezima taa yake na kuiacha ya mwenzake iwake."

Kwa hiyo hasira zangu zote nimezirudisha zilikostahili kukaa, yaani kwangu. Na nimeapa, safari hii kwa kweli: popote mtu atakapouliza "Mmeelewa?" na mimi sijaelewa, mkono wangu ndio utakaonyanyuka kwanza. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, palepale Korogwe, ukumbi ulicheka, na Mzee Shemboza akageuka kutoka benchi la mbele, akasema, "Naam."

Lakini ile barua hakuiomba tena.